Namba Mbili za Mwisho za Gazeti la Kingi

Kingi, tarehe 8 Januari 2023

Kwa Papa mudogo Honoré Shema, Mubi

Papa mudogo, nakusalimia katika jina la Bwana, wewe na wote wenye kula kwenye meza yako kule Walikale. Huku Kingi tungali wazima. Mvua ya mwezi wa kumi na mbili ilitunyanyasa, maharagi ya bondeni yakaoza yangali mabichi. Ya kilimani tumeyavuna na sasa yanakauka mbele ya nyumba, na kuku wote wa majirani wamejua njia ya kwetu. Masomo yameanza tena. Wamenipa darasa la tano, watoto sitini na mbili kwa mabenchi kumi na nne. Carmel, muzaliwa wangu wa kwanza, anaendelea na masomo yake Goma. Mama anakusalimia.

Sasa nikuambie kitu chenye kilinifanya nishike bic na karatasi badala ya kungoja réseau ya simu irudi.

Carmel aliweka kwenye Facebook ile picha ya Papa, ya pekee tuliyo nayo, amesimama na gazeti mukononi. Chini yake aliandika tu: "Babu yangu Yves Nzabandora, mwalimu, Kingi 1988." Kisha siku kumi hivi, mama moja wa Hungary akamwandikia. Anaitwa Katalin. Kazi yake ni kutunza magazeti ya Kiesperanto, ile luga yenye walitunga kwa watu wa dunia nzima, katika maktaba moja huko kwao. Alimwambia Carmel: "Gazeti lenye babu yako anashika ninalijua. Ni Voĉo de la Montoj. Ninazo namba zote, tangu ya kwanza mpaka ya ishirini na tatu."

Papa mudogo, nilipopata habari hiyo nilikaa chini. Gazeti la Papa, Sauti ya Milima, liko zima! Sisi wenyewe hatuna hata ukurasa moja wa kufungia chumvi, na kule mbali kuna muntu amezipanga moja moja.

Lakini hesabu yake ilinishangaza. Mimi nilijua gazeti lilikufa pamoja na Papa, mwaka 1993, likiwa limefika namba 21. Katalin anasema namba 22 ilitoka 1994, na 23 ikatoka 1995, zote mbili zikiwa na sahihi ya Yves Nzabandora. Yeye pia alichanganyikiwa Carmel alipomwambia babu yake alikufa lini. Akatafuta, na kwenye makaratasi ya muzee moja wa Brazil, musomaji wa zamani, akakuta barua yako ya 1996. Uliandika: "Kaka yangu alikufa. Namba mbili za mwisho niliziandika mimi, Honoré."

Miaka hii yote haukutuambia! Nilikuwa mutoto wa miaka nane tulipomuzika Papa. Sisi tulikuwa tunalia tu, na wewe ulikuwa umeshika kazi yake ili jina lake lisizimike. Aksanti, Papa mudogo. Nimekwisha kukuombea mara nyingi katika maisha yangu, lakini juma hili nimekuombea kwa namna nyingine.

Katalin ananiomba niandike historia ya gazeti, kurasa sita, itoke katika kitabu chao cha mwaka. Iwe imefika kabla mwezi wa nane haujaisha. Nataka jina lako liwe ndani, tena kwa herufi kubwa. Niambie yote.

Barua hii nampa Jean-Luc, dereva wa moto, anakuja huko na pikipiki yake. Anasema siku tatu, kama madaraja yangali mahali pao.

Mutoto wako,
Gentille Muhawenimana


Mubi, tarehe 2 Februari 2023

Mutoto wangu Gentille,

Barua yako ilifika, kona moja imelowa, lakini mwandiko wako ni ya mwalimu, hata maji haikuuweza. Sisi tuko. Miguu inaniuma asubuhi, ni miaka hiyo. Kazi iko. Unajua ile secrétariat yangu kandokando ya barabara: ordinateur moja, yaani kompyuta, machine moja ya photocopie, na groupe ya umeme yenye inapiga kelele kupita kazi yenye inafanya. Siku hizi enrôlement, kuandikisha watu kwa uchaguzi, inakaribia, kila muntu anataka photocopie. Wachimbaji wanatoka pori na karatasi zimekunjamana kama majani ya sombe, mimi naziweka kwenye kioo, nazinyoosha na mukono. Namushukuru Mungu.

Mama yako iko namna gani? Uliandika tu "Mama anakusalimia". Yeye mwenyewe alisema nini?

Historia ya gazeti, nitakupa. Hiyo ni furaha yangu.

Mwaka 1984 baba yako alienda Goma kutafuta chaki za shule. Kwenye gazeti moja ya zamani, yenye walimufungia nayo chaki, aliona tangazo: masomo kumi ya Kiesperanto, bila malipo, kwa posta. Akaandika. Sisi tulisema Yves amepata wazimu. Alirudi kila mwezi kuangalia boîte postale ya parokia, na masomo ikafika, moja kisha moja.

Nilimuuliza: "Kaka, tuko na Kinyarwanda, Kihunde, Kiswahili, Kifaransa, na Lingala ya askari. Unatafuta ya sita ya nini?" Akaniambia: "Hapa kwetu muntu akifungua kinywa, kabla hata hajamaliza salamu, watu wamekwisha kumuweka upande moja. Mimi nataka luga moja yenye kila muntu iko mugeni ndani yake, hata mimi. Hapo hakuna mwenye atamufukuza mwenzake."

Machine ya ronéo, ile ya kuchapa karatasi kwa kuzungusha, ilikuwa ya parokia. Waliitupa sababu mukono wa kuzungusha ulivunjika. Mimi nilitengeneza mwingine na pédale ya velo, ya baiskeli. Njo sababu nilikuwa fundi wa kuzungusha: Yves anaandika, anapiga kwa machine kwenye karatasi ya stencil, mimi nazungusha. Namba ya kwanza ilitoka Pasaka ya 1986, kurasa nane, kopi thelathini na tano. Nilienda misa na wino mupaka kwenye viwiko. Namba 9 ilieleza vile wanatengeneza jibini ya Masisi, hiyo iliombwa kupita zote, mupaka Japani. Mwaka 1992 tulikuwa tunatuma katika inchi kumi na tisa za dunia. Andika hiyo yote, ni kweli.

Kuhusu namba 22 na 23, usiandike jina yangu. Andika tu "familia". Inatosha.

Nakushukuru kwa maombi.

Baba yako mudogo,
Honoré


Kingi, tarehe 26 Februari 2023

Papa mudogo,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Vita imesogea karibu na Sake, magari hayapiti tena, na hapa Kingi tumepokea familia mbili shuleni. Watoto wanasoma upande moja wa darasa, upande mwingine wanawake wanapika. Tunashukuru kwamba kwetu bado ni kimya.

Barua yako niliisoma mara tatu. Hadithi ya pédale niliwasomea wanafunzi wangu, wakapiga makofi. Lakini kunyenyekea kwako kumenichokesha. "Familia" ni nani? Familia haishiki bic. Niruhusu nikushukuru mbele ya watu.

Nitakuambia kwa nini nasisitiza. Mwaka 1996, mimi niko na miaka kumi na moja, nilirudi kutoka kuteka maji nikakuta Mama jikoni na lile sanduku la magazeti. Alikuwa anatoa moja, anaikunja, anaiweka chini ya chungu. Kisha nyingine. Anapika maharagi. Nilimuuliza: "Mama, unapika na Papa?" Hakunijibu. Hakugeuka hata kichwa. Alimaliza sanduku zima, na jioni ile sikukula.

Mimi ni mukubwa sasa, niko na watoto, namuheshimu Mama na kumutunza. Lakini kitu kile kimebaki katikati yetu kama jiwe katika maharagi, kila mara unalitafuna. Najisemea kwamba hakusoma, aliishia darasa la tatu, kwake karatasi ni karatasi. Njo maana nilipojua kwamba wewe ulifanya kinyume chake, kwamba katika nyumba yetu kuna muntu aliyewasha badala ya kuchoma, nilipata kupumua. Usininyime.

Mama amechoka kidogo siku hizi. Ni baridi.

Gentille


Mubi, tarehe 9 Mai 2023

Gentille mutoto wangu,

Barua yako ya mwezi wa pili imenifikia jana. Jean-Luc anasema alizuiliwa upande wa Nyabiondo, kisha moto ikaharibika, kisha mvua. Miezi miwili na nusu! Namushukuru Mungu kwamba nyumba yenu ingali imesimama.

Ile habari ya chungu na magazeti imeniumiza. Usimuhukumu mama yako. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Si yangu kusema.

Umesema amechoka kidogo. Mama yako Dancille ninayemujua hachoki kidogo. Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa ananitumia maharagi ya njano katika kitambaa, anafunga fundo mbili. Mwaka huu haikufika. Niambie.

Honoré


Kingi, tarehe 28 Mai 2023

Papa mudogo,

Tunakusalimia. Maharagi yalikuwa kidogo mwaka huu, njo sababu. Usihangaike.

Nimekwisha kuandika kurasa nne. Ya tano inaanza hivi: "Baada ya kifo cha Yves Nzabandora, mudogo wake Honoré Shema, peke yake, aliandika na kuchapisha namba mbili za mwisho." Karatasi zitaenda Goma kwa Carmel, yeye atazituma kwa Katalin. Mimi nimeamua. Kama unaona nimekosa, sema nimekosa wapi.

Gentille


Mubi, tarehe 20 Juni 2023

Gentille,

Nakusalimia, na salamu hii ni fupi.

Nilimubana Jean-Luc. Nilimupa chai, nikafunga mulango ya secrétariat, nikamuambia: "Leo hautoki kabla haujaniambia shemeji yangu iko namna gani." Akasema: "Papa Honoré, walinikataza." Nikasema: "Basi umekwisha kuniambia nusu." Njo akanieleza. Mwezi wa pili mama yako alianguka shambani. Walimubeba kwa tipoy, kitanda cha kubeba mabegani, mupaka hospitali ya Masisi, akabaki kule majuma tano. Mukono wa kuume umekufa, na maneno inamutoka polepole.

Najua kwa nini mulinificha. Muliogopa nitapanda moto nipite kati ya watu wa bunduki na miguu yangu hii. Muliogopa vizuri, ningekuja. Siwakasirikii. Lakini nimeona sasa kwamba mama yako anaweza kutuacha kabla sijasema, na wewe utakuwa umechapisha uongo wangu katika kitabu ya Ulaya. Basi nasema.

Mimi sikuandika hata mustari moja. Namba 22 na namba 23 aliandika mama yako. Zote mbili, kutoka neno ya kwanza mupaka ya mwisho.

Ngoja nikueleze vile alijifunza. Yves alikuwa anafundisha watu wa Kingi Kiesperanto siku ya posho, Jumamosi, mchana, wanaume kumi na mbili. Dancille alikuwa anakaa kwenye benchi ya mwisho, wewe kwenye mapaja, anachambua maharagi. Hakuna mwenye alimuhesabu. Kisha macho ya Yves ilianza kuharibika, hakuona tena vitu vya karibu. Kwenye stencil, herufi ikikosewa, unaifunika na vernis, rangi nyekundu, kwa brosi ndogo, unangoja ikauke, unapiga tena juu yake. Kazi hiyo ilikuwa ya mama yako. Kila neno ya gazeti ilipita chini ya macho yake mara mbili. Siku moja, nafikiri 1989, akasema kwa sauti ndogo: "Yves, hapa umesahau n." Ni ile n yenye Kiesperanto inaweka mwisho wa jina ya kitu chenye kinatendewa. Yves alivua miwani. "Nani alikufundisha?" Akajibu: "Wewe, kwa makosa yako." Tulicheka mupaka tukaangusha wino.

Yves alipokufa mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye parokia Goma. Barua za wasomaji hazikukoma. Mwanzo wa 1994 nilimuletea mama yako barua tisa. Nilitaka tujibu kwamba ndugu yao amekufa. Alizisoma zote pale mulangoni. Kisha akasema: "Honoré, hapa kila muntu ananiita mujane. Katika barua hizi Yves angali anaitwa 'mupendwa Yves', wanamuuliza kama mvua imenyesha. Kuna inchi kumi na tisa kwenye mume wangu angali anaishi. Unataka nimuzike mara kumi na tisa?"

Akaandika katika kaye, daftari ya shule, majuma mbili. Aliandika vile wanawake wanachagua kitu cha kubeba wakati wa kukimbia. Aliandika namna jirani alizaa ndani ya migomba na ni nani walisimama kumukinga mvua. Mimi nilipiga kwa machine ya parokia, nikaweka sahihi ya Yves, na padri moja akabeba kopi mupaka Ulaya. Mwaka uliofuata akaandika tena.

Aliniapisha nisimuambie muntu. Alikuwa anafundisha watoto kanisani, na aliona kuweka jina ya maiti chini ya maneno yake ni zambi.

Sasa zambi yangu mimi. Mwaka 1996 yule muzee wa Brazil aliandika: "Tangu namba 22 naona mwandishi si yuleyule. Wa zamani alikuwa ananifundisha. Huyu ananikaribisha nyumbani kwake. Wewe ni nani?" Nilisoma barua ile peke yangu Goma. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, na katika maisha yangu yote nilikuwa nimezungusha mukono wa machine. Hakuna muntu alikuwa ameniuliza mimi ni nani. Nikachukua karatasi nikajibu: ni mimi.

Baada ya hapo sikuweza tena kumuangalia mama yako usoni. Vita ilikuja, nikapata sababu ya kwenda mbali, na tangu hapo kila mara nilipata sababu nyingine. Kingi nimerudi kwa mazishi tu. Ile ahadi ya kunyamaza ilinifaa sana, na hapo njo ubaya wake: nilijificha nyuma ya siri ya mwanamuke.

Aksanti zako zote za mwezi wa kwanza nilizisoma kama muntu mwenye amepewa nguo ya muntu mwingine. Uzitoe kwangu, umupatie mwenyewe. Magazeti yenye alichoma, muulize yeye.

Nisamehe kama unaweza. Yeye simuombi kupitia wewe. Nitamuandikia.

Honoré


Kingi, tarehe 16 Julai 2023

Papa mudogo,

Amani ya Bwana iwe kwako. Barua hii itakuwa ndefu, mwambie muke wako akukalishe vizuri.

Kwanza nisamehe mimi. Nilikuandikia "amechoka kidogo" wakati Mama alikuwa hospitali, na niliandika pale pale pembeni ya kitanda chake, ingawa juu ya karatasi niliweka Kingi. Tumedanganyana sote wawili, kila muntu kwa sababu ya upendo wake. Madaktari wa Masisi walimutunza vizuri, namushukuru Mungu kwa ajili yao. Anatembea na fimbo. Maneno yamerudi, ila yanakuja moja moja, kama watu wanaotoka misa kwa mulango mwembamba.

Barua yako nilikaa nayo siku mbili bila kumuambia muntu. Siku ya tatu Mama alikuwa amekaa nje, anachambua maharagi kwa mukono wa kushoto. Nikakaa kando yake. Nikamuuliza bila kuzunguka:

"Mama, unajua Kiesperanto?"

Mukono ukasimama.

"Nani amesema?"

"Papa mudogo Honoré. Ameandika."

Aliokota punje moja mbovu, akaitupa kwa kuku. Kisha akasema: "Amechelewa, huyo." Akaendelea kuchambua.

Nikamusomea barua yako yote. Kwenye ile n alicheka, na upande moja wa uso wake haukucheka, lakini macho yote mawili yalicheka. Kwenye inchi kumi na tisa alishika goti langu. Nilipofika kwa muzee wa Brazil nilitaka kuruka. Akasema: "Soma." Nikasoma mpaka mwisho.

"Hiyo niliijua," akasema. "Padri aliniletea jibu la Brazil. Liliandikwa: mupendwa Honoré, hongera."

"Ulijua tangu 1996? Na haukumuambia kitu?"

"Alizungusha miaka saba. Hakuna muntu alimuambia aksanti, hata Yves. Alichukua kitu kidogo. Nilimuachia."

Nilikuwa nalia sasa. Nikamuuliza jambo lenye nilibeba miaka ishirini na saba: "Na magazeti, Mama? Kwa nini uliyapika?"

Alipumzika kwanza. Akanieleza, na nimeandika vile alisema, bila kuongeza. Juma lile askari walikuwa wanasaka nyumba kwa nyumba. Kwa Hilaire, mumoja wa wale wanafunzi kumi na mbili wa Papa, walikuta ukurasa moja wa gazeti ukutani. Walimuuliza ni luga gani. Akasema ni luga ya dunia nzima. Wakasema hakuna luga kama hiyo, hii ni siri ya adui, wakamupiga mpaka akazimia. Mama alisikia habari hiyo kisimani. Akarudi nyumbani, akaweka chungu kwenye moto ili wakiingia wakute mwanamuke anapika tu. "Ulipoingia na maji," akasema, "askari walikuwa kwa jirani wa pili. Ningekujibu ungelia kwa sauti, na wangekuja kuuliza mutoto analilia nini."

Kisha akasema: "Magazeti yalikuwa yamekwisha kufika kwenye yalikuwa yanaenda. Ninyi watatu bado."

Papa mudogo, nilipiga magoti pale kwenye maharagi. Nilimuomba musamaha kwa kila siku yenye nilimuangalia vibaya, na nilimushukuru kwa maisha yangu na ya wadogo zangu wawili. Ameniwekea mukono kichwani, ule wa kushoto. Ni kitu gani kingine naweza kukuambia? Nimekuwa na mama mwingine kwa miaka arobaini na sikumujua.

Usifikiri kwamba yamekwisha hapo. Juma lililopita aliniita. "Muandikie Honoré," akasema. "Mwambie kile kitu nilimuachia miaka yote hii. Sasa nakitaka."

Nikauliza: "Jina?"

"Jina langu. Zambi ile padri amekwisha kuniondolea zamani. Nimebaki na woga tu, na kule hospitali woga uliisha." Akaniagiza nichukue kaye. Akaanza kusema Kiesperanto, neno moja, kupumua, neno lingine, na mimi kuandika bila kuelewa, ananisahihisha herufi kwa herufi. Tumefanya siku nne. Ni ukurasa moja. Anaeleza vile muntu anajifunza upya kushika kijiko, na anawashukuru wasomaji waliomuuliza kama mvua imenyesha. Anasema hii ni namba 24, na wewe njo mwenye kuichapisha, maana hajui muntu mwingine mwenye kufanya kazi safi.

Kurasa zangu za tano na sita nimezipasua, naandika mpya. Carmel amemueleza Katalin kila kitu. Katalin amejibu kwamba anasubiri, hata mwezi wa nane ukipita.

Ukurasa uko ndani ya bahasha hii. Jean-Luc ameapa kwamba mara hii hataongea na muntu njiani.

Mutoto wako mwenye kukushukuru bado, kwa kweli hii ya mwisho kupita yote,
Gentille


Mubi, tarehe 5 Septemba 2023

Kwa Mama Dancille Mukashema, shemeji yangu mupendwa, na Gentille mwenye atamusomea

Nakusalimia kwa heshima. Nilianza barua ya kukuomba musamaha mara sita, na zote nimezipasua sababu kila moja ilikuwa inasema habari yangu. Halafu ukurasa wako ukafika. Nikaona afazali nifanye kazi kwanza, niongee nyuma.

Nilikuwa nimesahau luga nyingi. Nilikaa na ukurasa ule siku tatu, na pole pole ikarudi. Kwa Katalin nimeandika mimi mwenyewe, kwa mukono wangu, kwamba barua ya 1996 ilikuwa uongo na mwandishi ni wewe, na Carmel akamutumia picha ya karatasi kwa simu. Amejibu juma lililopita. Anasema kwenye maktaba yao wamekwisha kusahihisha: namba 22 na 23, Dancille Mukashema. Na muzee wa Brazil, bwana yule alikufa zamani, lakini binti yake iko. Alisoma habari na akalia kwenye simu. Anasema baba yake aliweka namba 22 karibu na kitanda mupaka mwisho, na mara nyingi alisema angependa kujua yule muntu.

Leo asubuhi nimesimamisha kazi ya wateja wengine wote, nikasema: machine hii iko na kazi. Nimepiga ukurasa wako kwenye ordinateur, nikausoma neno kwa neno kwa sauti. Juu kabisa, Voĉo de la Montoj, namba 24. Chini yake, jina yako, yote mawili. Nimetoa kopi arobaini. Wachimbaji walikuwa wamesimama na karatasi zao wanangoja, wananung'unika. Mumoja akachukua kopi moja ingali ya moto, akaigeuza huku na huku.

"Papa, hii ni luga gani? Ya Wachina?"

Shemeji, miaka yote watu waliniuliza swali hiyo, na mimi nilikuwa nasema: ni luga ya kaka yangu. Leo nimemuambia:

"Hii ni luga ya shemeji yangu. Iko Kingi. Keti, nitakusomea."

Na amekaa. Kisha wengine wawili. Niliwasomea yote, na kila mustari nikautoa kwa Kiswahili. Walipotoka, yule wa kwanza aliomba kubaki na ile kopi. Nimemupa. Anasema anaipeleka kwa mama yake, yeye pia alianguka na mukono wake hauamuki.

Nakutumia thelathini na tisa.

Aksanti, Dancille.

Honoré Shema, muchapishaji